Mashindano ya Motokaa na Njia za Watu

Mtu akisimama leo kando ya barabara ya Bububu aona magari yakipita moja baada ya jingine, wala hapana ashangaaye. Hata mtoto mdogo ajua kuwa gari likiondoka mjini litafika shamba. Lakini imani hiyo haikuzaliwa pamoja na motokaa. Zilipokuwa ngeni duniani, watu wengi walizicheka, wenye farasi walizichukia, na wenye fedha waliogopa kununua chombo ambacho hawakuwa na hakika kama kingeweza kwenda maili kumi bila ya kuharibika.

Imani ile ilipatikana kwa mashindano. Na mashindano ya kwanza hayakufanywa katika viwanja vilivyozungushiwa ukuta, bali katika njia wapitazo watu wote: wakulima, wachuuzi, watoto na wanyama wao. Kwa hiyo gharama yake haikulipwa na wenye magari peke yao. Hilo ndilo jambo tutakalolitazama leo, tukianza hapa Unguja, kisha twende Marekani, kisha turudi kwetu Afrika ya Mashariki.

Unguja haikuwa nyuma katika habari za vyombo vya moto. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka wa 1870 hata 1888, alitandika reli nyembamba kutoka mjini kwenda jumba lake la Chukwani. Kwanza mabehewa yalivutwa na nyumbu, baadaye ikaletwa mashine ya moshi kutoka Uingereza. Alipofariki, reli ile ikaondolewa. Kisha mwaka wa 1905 likaja gari la moshi la pili, nalo lilikuwa la Wamarekani. Kampuni ya Arnold, Cheney ya New York ilitandika reli ya maili 7 kutoka penye Ngome Kongwe hata Bububu. Wenyeji walilipanda, na abiria wa meli walioshuka kwa saa chache waliwekewa behewa la daraja la kwanza, wapate kutembezwa shamba na kuona miti yetu.

Wamarekani hawakuwa wageni wapya hapa. Mwaka wa 1833 walikwisha kufanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka wa 1837 balozi wao akakaa Unguja. Walileta nguo ambayo hata leo yaitwa marekani, wakachukua pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa miti ya kale, ulioganda na kufukiwa na ardhi miaka mingi. Watu wa Mrima waliichimba, ikavushwa Unguja, ikapakiwa katika merikebu za mji wa Salem. Huko Marekani iliyeyushwa ikafanywa vanishi ya kung'arishia magari ya farasi. Na mafundi waliotia rangi magari ya farasi ndio hao waliokuja kutia rangi motokaa za kwanza. Basi mali iliyopita katika bandari yetu ilitangulia kuyajua magari ya Marekani kabla magari yenyewe hayajatufikia.

Angalieni jambo moja kabla hatujavuka bahari. Gari la moshi lina njia yake peke yake. Haliwezi kuiacha reli, na mtu ajua mahali litakapopita. Motokaa haina reli. Yashika njia ile ile ya mwenda kwa miguu na ya mwenye punda. Kwa sababu hiyo, tangu siku za kwanza, swali la motokaa halikuwa swali la mashine tu, lilikuwa pia swali la njia: ni ya nani, na nani ampishe mwenzake.

Mwaka wa 1894 Wafaransa walifanya shindano la magari kutoka Paris hata Rouen. Habari zake zilifika mji wa Chicago, na bwana mmoja mwenye gazeti la Times-Herald, jina lake H. H. Kohlsaat, akataka Wamarekani nao wajaribu. Akatangaza zawadi za dola 5,000. Mafundi wengi waliandika majina yao, lakini siku ilipokaribia wengi walikuwa hawajamaliza kazi, ikawa lazima siku iahirishwe. Hata jina la chombo kile lilikuwa halijatulia, gazeti likawashindanisha watu kutafuta jina la kukiita.

Tarehe 2 Novemba 1895 magari mawili tu yalikuwa tayari, yakaruhusiwa kujaribu. Moja lilikuwa la ndugu wawili walioitwa Duryea, lililotengenezwa Marekani. La pili ni Benz ya Ujerumani, iliyoletwa na jamaa wa Mueller. Njiani gari la Duryea lilikutana na mkulima na gari lake la farasi. Mkulima aliposikia kishindo nyuma yake alikata upande usiotazamiwa. Dereva, ili asimgonge, akajitupa mtaroni, na safari yake ikaishia hapo. Hivyo shida ya kwanza iliyomshinda haikutoka katika injini. Ilitoka katika njia yenye watu wawili, kila mmoja akiwa na haki ya kupita.

Shindano lenyewe likafanywa tarehe 28 Novemba 1895. Siku zilizotangulia theluji ilianguka nyingi, na njia zilikuwa zimefunikwa. Theluji, kwa wasioijua, ni maji yaliyoganda yaangukayo kama pamba. Gurudumu huteleza juu yake na kuzama ndani yake kama katika mchanga wa pwani. Magari 6 tu yalithubutu kuondoka: la Duryea, Benz 3, na 2 yaliyokwenda kwa umeme. Safari ilikuwa kutoka Chicago kwenda Evanston na kurudi, maili 54 hivi. Urefu huo wakaribia kuwa sawa na kisiwa chetu tangu Nungwi hata Makunduchi.

Magari ya umeme yaliishiwa na nguvu mapema. Benz moja iligonga gari la abiria lililovutwa na farasi. Gari la Duryea lilivunjika chuma cha usukani, na Frank Duryea, aliyeliendesha, akatafuta karakana ya mhunzi akakitengeneza mwenyewe, kisha akaendelea. Alifika usiku, baada ya muda wa saa 10 na dakika 23, naye alikuwa wa kwanza. Lililofika baada yake ni Benz ya Mueller, na hapakuwa na jingine. Oscar Mueller alikuwa amezimia kwa baridi na uchovu kabla ya mwisho. Mwamuzi aliyepanda naye, Charles King, ndiye aliyeshika usukani hata wakafika.

Ukigawa maili zile kwa saa zile utaona kuwa mshindi alikwenda maili 5 na kidogo kwa saa. Mtu mwenye punda mzuri angeweza kucheka. Lakini watu wenye akili hawakucheka, kwa maana waliona kuwa katika siku mbaya kama ile mashine iliweza kuvunjika, ikatengenezwa njiani, ikaendelea, ikafika. Mwaka uliofuata, 1896, ndugu wa Duryea wakatengeneza magari 13 ya namna moja ili kuyauza. Hivyo ndivyo shindano lilivyozaa biashara.

Mtu mwingine aliyejua faida hiyo ni Henry Ford wa Detroit. Mapema mwaka wa 1901 kampuni yake ya kwanza ilikuwa imekwisha kuvunjika, na wenye fedha walikuwa wamemchoka. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo huo alishindana na Alexander Winton, mtengeneza magari aliyekuwa na sifa kubwa, katika kiwanja cha mbio za farasi cha Grosse Pointe, mwendo wa maili 10. Winton alitangulia, lakini mashine yake ikapata hitilafu, na Ford akampita. Baada ya ushindi ule wenye mali walirudi kwake. Mwaka wa 1903 akaanzisha kampuni yenye jina lake, na mwaka wa 1908 akatoa gari la Model T. Bei yake mwanzo ilikuwa dola 850. Kufika mwaka wa 1925 ilikuwa imeshuka hata dola 260. Gari lililokuwa mchezo wa matajiri likawa chombo cha mkulima na mwalimu.

Lakini sasa tutazame upande wa pili. Mwaka wa 1904 tajiri kijana, William K. Vanderbilt, alitoa kikombe cha kushindaniwa katika Long Island, karibu na New York. Njia zilizochaguliwa zilikuwa njia za kawaida za mashamba na vijiji. Wakulima wengi walipinga, wakasema barabara zimejengwa kwa kodi yao nao wazihitaji kupeleka mazao sokoni. Hawakusikilizwa. Matangazo yakabandikwa kuwaonya watu wasitumie njia siku ile, wafunge mbwa wao, na kuku wao wawafungie ndani. Tarehe 8 Oktoba 1904 shindano likafanywa, na George Heath akashinda kwa gari la Kifaransa, Panhard. Siku hiyo hiyo fundi mmoja aliyepanda pamoja na dereva wake alikufa gari lao lilipopinduka.

Watazamaji walizidi kila mwaka, nao hawakukaa pembeni. Walisimama katikati ya njia ili waone vizuri, wakaruka kando gari lilipokuwa karibu kuwafikia. Mwaka wa 1906 mtazamaji mmoja aligongwa akafa, na mwaka wa 1907 kikombe kile hakikushindaniwa. Wazee wetu husema, fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Vanderbilt na wenziwe wakaona haiwezekani kuendelea hivyo, wakajenga barabara ya magari peke yake, isiyokatwa na njia nyingine, nayo ikafunguliwa mwaka wa 1908. Hapo ndipo ilipoonekana kuwa mwendo wa kasi wataka njia yake, kama vile gari la moshi litakavyo reli yake.

Huko Indianapolis, Carl Fisher na wenziwe walikwenda mbali zaidi. Mwaka wa 1909 walijenga kiwanja cha mviringo chenye mzunguko wa maili 2 na nusu, kwa ajili ya magari tu. Lakini haraka iliwaponza. Sakafu ya kwanza ilikuwa ya kokoto na lami, na katika mashindano ya Agosti mwaka ule ilibomoka chini ya magurudumu. Madereva, mafundi na watazamaji wakafa. Ndipo walipoifumua wakaitandika matofali zaidi ya 3,000,000. Tarehe 30 Mei 1911 magari 40 yakashindana hapo mwendo wa maili 500. Ray Harroun akashinda kwa gari la Marmon, kwa muda wa saa 6 na dakika 42, yaani karibu maili 75 kwa saa. Linganisheni na zile maili 5 za mwaka wa 1895, mwone jinsi miaka 16 ilivyofanya kazi.

Harroun alikwenda peke yake bila ya fundi wa kumtazamia nyuma, na wenzake walipolalamika alifunga kioo mbele yake apate kuona waliomfuata. Kioo cha namna hiyo sasa kimo katika kila gari liendalo Chwaka na Mkokotoni. Hata hivyo siku ile ya furaha haikupita bila ya msiba, kwa maana fundi wa gari jingine alikufa kiwanjani.

Kuna jambo jingine ambalo haifai kulificha. Kiwanja kilipozungushiwa ukuta, kilipata pia mlango, na mwenye mlango ndiye achaguaye nani aingie. Chama kilichosimamia mashindano makubwa hakikuwakubali watu weusi. Mwaka wa 1910 Barney Oldfield, dereva mwenye sifa kuliko wote siku zile, alishindana na Jack Johnson, bingwa wa ngumi wa dunia, aliyekuwa mtu mweusi. Oldfield alishinda kwa urahisi, lakini chama kikamfungia kwa kosa la kushindana naye. Mwaka wa 1924 watu weusi wa Indianapolis wakaanzisha shindano lao wenyewe la maili 100, katika kiwanja cha maonyesho ya mkoa. Charlie Wiggins, fundi hodari wa mji ule, alilishinda mara 4. Katika shindano la maili 500, dereva mweusi wa kwanza, Willy T. Ribbs, hakupata kuingia mpaka mwaka wa 1991. Basi njia ya watu wote ina hatari zake, na njia iliyofungwa nayo ina dhuluma zake.

Sasa turudi Unguja. Mwaka ule ule wa 1911, Harroun aliposhinda kule Indianapolis, Serikali ya Unguja iliinunua reli ya Bububu kutoka kwa Wamarekani. Lakini siku za gari la moshi zilikuwa zikihesabiwa. Barabara zilitengenezwa zikawa bora, motokaa zikaongezeka, na abiria wakahamia huko. Mwaka wa 1922 gari la moshi likaacha kuchukua watu. Likabaki kubeba mawe ya kujazia ufuko wa mji, na mwishowe reli ikang'olewa. Shindano hilo la Unguja halikuwa na mwamuzi wala kikombe, nalo lilichukua miaka kumi na kitu, lakini mshindi alijulikana. Gari la moshi lilikuwa na njia salama, ila lilikoma reli ilipokoma. Motokaa ilikwenda hata mlangoni mwa mtu, na iliyoiwezesha ni barabara. Bila ya barabara njema, hata gari la Harroun lingekwama mchangani.

Mashindano makubwa ya magari yalipofika Afrika ya Mashariki, yalirudi katika njia za watu. Mwaka wa 1953, katika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na watu wakayaita Safari. Magari yake yalikuwa ya kawaida kama yauzwayo dukani, nayo yaligawanywa kwa bei zake. Dereva hakupewa sifa kwa kasi tupu. Alipewa saa ya kufika kituoni, na akichelewa alihesabiwa makosa. Tunaona hapa fikra ile ile ya Chicago: kujua ni gari gani litakalofika. Na kama Chicago ilivyokuwa na theluji, Safari ilikuwa na matope, kwa kuwa miaka mingi ilifanywa wakati wa Pasaka, majira ya masika. Mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka, yakafika 7. Mwaka wa 1968 pia yalifika 7 tu. Mwaka wa 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kenya, na nduguye Jaswant walishinda kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika. Madereva wengi waliotoka Ulaya na sifa zao walijifunza kuwa tope la Afrika halijali sifa, na hata mwaka wa 1972 hapakuwa na mgeni aliyekwisha kushinda. Mwaka huo ndipo Hannu Mikkola wa Finland alipopata.

Katika Safari ile nayo, wanakijiji walisimama kando ya njia kama wale wa Long Island, na wengi walisaidia kusukuma magari yaliyokwama. Lakini kasi ilipozidi, hatari ikazidi. Baadaye Safari ikabaki Kenya peke yake, na iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, karibu na Naivasha, magari yalishindana kwa kasi katika sehemu zilizofungwa tu. Afrika ya Mashariki ikafika kwa njia yake mahali Long Island ilipofika mwaka wa 1908.

Tumeona basi jinsi motokaa ilivyopata imani ya watu. Frank Duryea alitoa ufundi, Ford alitoa ujasiri wa biashara, Harroun akatoa kioo. Mkulima aliyekutana na Duryea kando ya mtaro, fundi aliyekufa siku ya kikombe cha kwanza, mtazamaji wa mwaka wa 1906, nao walitoa, wala hawakuulizwa kwanza. Mwanafunzi atakayeandika habari za motokaa asiwasahau hao katika hesabu yake. Na dereva atakayetoka mjini kesho kwenda Bububu akumbuke kuwa hana reli: mbele yake yuko mtoto wa skuli, yuko mwenye baiskeli, yuko mzee na mzigo wake, na njia ni yao pia.